Yule mmoja anawageuzaje wale 11? Tunaigiza kesi ya juri, naombeni mawazo

Msanii_Mbeya:
Habari za jioni wakuu. Kikundi chetu hapa Mbeya kinaandaa igizo la raia 12 wa juri waliofungiwa chumbani waamue kama kijana kamuua baba yake, wazo tumelitoa kwenye ile muvi ya 1957, 12 Angry Men. Lazima wote 12 wakubaliane. Kura ya kwanza 11 wanasema ana hatia, mmoja anakataa. Sasa wenzangu wanataka huyo mmoja awe mtu wa hotuba nzito hadi watu walie, mi moyo unakataa ila nashindwa kuwaeleza kwanini. Na kwetu hatuna juri, watu wa huku wataelewa kweli?

dada_Ilula:
Kaka hebu rudia kuangalia ile kura ya kwanza, usiangalie maneno, angalia mikono. Mingine inanyooka fasta, mingine inachelewa, inanyooka baada ya kuona ya wenzao. Hapo ndo igizo lenu lilipo. Namba 8, yule mmoja anayekataa, hakusema kijana hajaua, alisema tuongee kwanza, af akawaambia pigeni kura ya siri mimi nikae pembeni, mkibaki wote 11 nakubaliana nanyi. Karatasi moja ikatoka tofauti, ya yule mzee namba 9, na mzee mwenyewe anasema huenda kijana ana hatia, ila anamheshimu aliyesimama peke yake na anataka kusikia zaidi. Yaani bila huyo wa pili namba 8 alikuwa ameshashindwa! Mwanasaikolojia Solomon Asch kule Marekani miaka ya 50 alipima kitu hichohicho kwa kulinganisha urefu wa mistari, mtu akizungukwa na watu waliopangwa kujibu uongo anayumba, ila akiwepo hata mmoja tu anayejibu ukweli, kuyumba kunapungua sana.

mkulima_Mbozi:
Dada umesema kweli tupu. Huku kwenye AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za kahawa naona kila msimu, mtu mwenye shamba kubwa akisimama wa kwanza na kutoa hoja, anayefuata anasema naunga mkono, na wa tatu vilevile, mpaka kwa kina mama waliokaa nyuma hamna mkono unaokataa hata kama nje walikuwa wanalalamika makato. Ila siku mkisema tuandike kwenye karatasi matokeo yanakuwa mengine kabisa. Watu wa huku wataelewa bwana, msiwe na hofu.

mwanasheria_Iringa:
Naongezea. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mwenyekiti anakaa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, wanatoa maoni yao kabla ya hukumu, hayamfungi ila akienda kinyume nao lazima aseme sababu. Kwa hiyo watazamaji wenu wamezoea mzee anayeshauri, hawajazoea raia wa kawaida anayeamua, waelezeni hilo mapema. Halafu ile ya namba 8 kununua mwenyewe mtaani kisu kinachofanana na cha mauaji na kuja kukichomeka mezani, ni tamu jukwaani lakini mjumbe wa juri haruhusiwi kujitafutia ushahidi nje. Mi ningependa mmoja wao amwambie hivyo usoni.

dada_Ilula:
Hata hivyo wakili, hotuba ya nini, kila mmoja aligeuzwa na cha kwake. Namba 5 aliyekulia uswahilini anawaonyesha wenzake kwamba kisu cha kukunjua kinachomwa kutokea chini kwenda juu, wakati jeraha la marehemu lilielekea chini, na hilo linawayumbisha wengine. Namba 4 mwenye hesabu zake hajali huruma hata kidogo, anageuka alipokumbushwa kwamba yule mama shahidi alikuwa na alama za miwani puani, na alisema aliona mauaji akiwa kitandani, ambako mtu halali na miwani.

Msanii_Mbeya:
Asanteni sana jamani, hotuba tunaifuta. Namba 9 tumpe mzee kweli? Naogopa kwetu mzee akisema, watu watamfuata kwa heshima tu.

mkulima_Mbozi:
Mpeni mzee, ila asiye na cheo wala mali, yule anayekatizwa akiongea. Mwenye nafasi yake kijijini msimguse.