Tupeane uzoefu: jina limechafuka, sauti imekwisha, na bado tunajaza uwanja. Ju ya nini?

Mwana Kamalondo
Asubuhi nimeona afishi mpya mu ukuta: mwanamuziki wetu mmoja mzee wa Kin (Kinshasa) anakuja kupiga konseri Lubumbashi. Sauti yake ya sasa mnaijua. Kijana wa jirani ananiambia tiketi za mbele zimekwisha. Nikamkumbuka mwimbaji wetu Koffi Olomidé. Mwaka 2016 dunia nzima ilimuona akimpiga mchezaji wake wa dansi teke pale uwanja wa ndege wa Nairobi, Kenya wakamfukuza. Mwaka 2018 Zambia, hapa tu ng'ambo ya Kasumbalesa, wakasema akikanyaga kwao watamkamata. Disemba 2021 wanawake wa Kigali waliomba konseri yake ifutwe, ikapigwa vilevile. Siku chache baadaye korti ya Versailles, Ufaransa, ikampa miezi 18 ya kifungo cha nje ju ya kuwazuilia wachezaji wake. Na akija hapa kesho, mi niko mu foleni. Nyinyi mlioenda konseri za namna hii, mlifuata nini?

Papa Fiston
Sema yote basi. Ile korti ilimwondolea mashitaka ya kingono. Korti ya kwanza, ya Nanterre, walimhukumu 2019, Versailles wakageuza.

Mutoto ya Kenya
Wakageuza nusu. Wachezaji wanne waliofungiwa ndani ya nyumba wabaki wapi, papa?

Papa Fiston
Sikumtetea. Nimesema tu isomwe yote.
Kuhusu kujaza uwanja, mnafikiri bale bantu bote walinunua tiketi? Kampuni ya pombe inalipa jukwaa. Tajiri wa migodi ananunua meza nzima, anajaza wafanyakazi wake, ju jina lake liitwe mu mabanga, yale majina ya kulipia yanayoitwa ndani ya wimbo. Konseri moja nilihesabu majina yanayoitwa paka nikachoka, wimbo wenyewe ulikuwa haujaanza. Mi niliketi mbele kabisa na sikutoa hata franka.

Kadogo wa Ruashi
Njo vile. Na mi ya bure.

Maman Divine
Nyinyi mnahesabu makuta, pesa tu. Miye mtoto wangu wa kwanza alizaliwa 1997, mwaka orkestra Wenge Musica ilipasuka mara mbili, JB Mpiana huku, Werrason kule. Bwana yangu alikuwa upande wa JB, shemeji yangu upande wa Werrason. Ndugu wa tumbo moja hawakula bukari (ugali) sahani moja! Mama mkwe aliwaita, akalia, hapana. Juni 2022 JB na Werrason wakapanda jukwaa moja pale Stade des Martyrs, uwanja wa Kin, wakakumbatiana. Bwana yangu akazima televizyo. Sasa mtu kama huyu ukimwambia msanii wake ana kesi, unafikiri atakusikia? Ujana wake wote uko mule.

Mutoto ya Kenya
Ujana ni wake, lakini makuta ya tiketi yanaingia mu mfuko wa nani?

Dada wa Katuba
Niliapa sitaandika, lakini mambo ya wachezaji yamenigusa. Mdogo wangu alicheza mu orkestra moja kubwa, jina sitaji. Alikwenda Kin bado kijana kabisa, tukawa tunamuona mu televizyo, mtaa mzima unakuja kwetu. Wakaja kuzunguka Katanga. Kolwezi mvua ikanyesha, watu hawakuja. Asubuhi wasichana wanaamka, orkestra haiko. Wanamuziki wamepanda bisi usiku, mwenye orkestra alishaondoka. Mwenye hoteli akasema: deni haijalipwa, nyinyi mnabaki hapa paka tajiri yenu atume makuta. Wasichana wanne, chumba kimoja, masanduku yao yamekwenda na bisi, wako na nguo za jukwaani tu. Mdogo wangu aliazima simu ya mlinzi, akatupigia, anaongea chinichini ju ya woga. Tukauza mashine ya kushona ya mama. Kaka akabeba yale makuta ndani ya mfuko wa unga, akalipa hata sehemu ya wale wengine watatu, angewaacha namna gani?

Mwaka jana orkestra ileile ikarudi hapa. Mdogo wangu sasa anauza vitenge, ana watoto. Akanunua tiketi. Tena ya mbele! Nilimtukana njia nzima. Akanijibu: "Yaya, ile michezo ya bega ni mi niliitunga mu repetisyo. Nataka kuona kama wangali wanaicheza."
Waliicheza. Uwanja nzima ulitupa bega. Mwenye orkestra aliingia saa nane ya usiku, sauti hakuna, atalaku, yule wa kupiga kelele za kuchezesha watu, ndiye alimbeba. Mdogo wangu akacheza paka kiatu kikakatika. Mi nilikaa na hasira yangu, nimekunja mikono. Kisha seben ikaingia, ile sehemu ya magita ya kucheza. Msiniulize zaidi.

Kadogo wa Ruashi
Eeh, yaya. Pole sana.

Fundi Gita
Hoteli gani? Mi nimekaa Kolwezi miaka mingi, habari hii sijaisikia.

Dada wa Katuba
Ukijua jina utaturudishia mashine?

Fundi Gita
Sijasema ni uongo. Nimeuliza tu.

Maman Divine
Umeuliza vibaya, baba. Na huyo binti alilipwa kitu kwa ile michezo?

Dada wa Katuba
Hata soda.

Mutoto ya Kenya
Basi njo hapo. Msiende. Wakiimbia viti mwaka moja, watajifunza.

Papa Fiston
Kijana, mwimbaji Papa Wemba, Ufaransa walimkamata 2003 ju ya mambo ya visa. Alipoanguka jukwaani Abidjan akafa, Aprili 2016, nani hapa hakulia? Viti havitakuwa wazi. Shauri yangu: usinunue mapema, nenda saa sita ya usiku, mlangoni bei inashuka.

Fundi Gita
Usimsikilize. Mlangoni saa sita kuna polisi na fimbo. Nunua mapema, lala kwanza, kula kabisa, vaa viatu vya kukimbia. Na mkiwapenda wapiga gita, muwape makuta mkononi, ju kwa mwenye jukwaa hawapati kitu.

Maman Divine
Bwana yangu amesikia nawasoma kwa sauti, ameuliza kama kwenye afishi ni JB. Si JB. Basi amesema anabaki kulala. Miye nakwenda na shemeji.