Naombeni ushauri: mada ya Charlemagne niianzie wapi?

Kijana_wa_Historia: Wakuu, habari za jioni. Chuoni nina wasilisho la dakika 15: Charlemagne (Karolo Mkuu) alijengaje dola ya Kikristo Ulaya, na akaitawala vipi. Nataka kuanzia Krismasi ya mwaka 800, Papa Leo III anapomvika taji la kaisari Roma. Mwenzangu wa kundi anang'ang'ania vita. Tunavutana tangu juzi. Ninyi mngeanzia wapi?

MtemiMstaafu: Siku ya taji jamaa alikuwa na miaka 32 kwenye ufalme wa Wafaranki (watu wa Kijerumani waliotawala sehemu kubwa ya Ufaransa na Ujerumani za leo), na nchi ya Walombardi huko Italia alishaichukua tangu 774. Taji halikumwongezea hata shamba moja. Anza na vita, hasa dhidi ya Wasaksoni, wapagani wa kaskazini mwa Ujerumani ya leo, 772 hadi 804.

Bi_Shangazi: Ila msiishie kutaja tarehe, jamani. Sheria aliyowatungia Wasaksoni ilisema anayekataa ubatizo auawe, na anayekula nyama Kwaresima kwa kuudharau Ukristo auawe pia. Mwaka 782, kule Verden nchini kwao, kumbukumbu za Wafaranki wenyewe zinataja Wasaksoni 4,500 waliouawa. Mwaka 785 kiongozi wa Wasaksoni, Widukind, akasalimu amri, akabatizwa, na msimamizi wake wa ubatizo akawa Charlemagne mwenyewe!

Hapo ndipo umlete Alcuin, msomi kutoka York, Uingereza, aliyekuwa mshauri wa mfalme. Mwaka 796 aliandika barua akisema imani ni jambo la hiari, na kwamba kuwakamua zaka watu waliobatizwa juzi kunawafanya waichukie dini. Mwaka uliofuata Wasaksoni wakapewa sheria laini zaidi, adhabu nyingi zikawa faini. Mimi ningetumia dakika 5 nzima hapo.

KaraniWaKijiji: Mmeeleza kujenga, kutawala bado. Mfalme hakuwa na jeshi la kudumu wala makarani wa kutosha. Kila wilaya ilikuwa na mkuu wake aliyeamua kesi, kukusanya malipo ya mfalme na kuita watu vitani. Wakubwa wa namna hiyo wakikaa mbali na bosi, mnajua wenyewe kinachotokea. Ndiyo maana mwaka 802 akaupanga upya utaratibu wa wajumbe wa mfalme: kwa kawaida wawili wawili, mmoja askofu au abati (mkuu wa monasteri), mwingine mkubwa wa serikali, wanazunguka eneo lao kusikiliza malalamiko na kuwakagua wakuu hao. Mwaka huohuo kila mwanamume kuanzia miaka 12 akatakiwa kumwapia utii kama kaisari. Sarafu gusia tu: ratili moja (kipimo cha uzito) ya madini ya fedha ilitoa sarafu 240 za dinari. Waingereza waliishikilia hesabu hiyo, peni 240 kwa pauni, hadi 1971.

Kijana_wa_Historia: Asanteni sana. Swali moja: maaskofu walikuwa chini ya Papa au chini ya Charlemagne?

Bi_Shangazi: Kwa vitendo, chini yake. Aliwateua, akawatuma, na mwaka 794 aliitisha sinodi (mkutano wa maaskofu) Frankfurt iliyojadili hadi mafundisho ya imani. Agizo lake la 789 lilitaka shule kwenye monasteri na makao ya maaskofu, maana padri asiyejua kusoma vizuri ataharibu sala. Papa naye alikuwa na shida zake: mwaka 799 alishambuliwa Roma na mahasimu wake, akamfuata Charlemagne hadi Paderborn, nchi ya Wasaksoni, kuomba msaada. Kwa hiyo taji usilitupe, lihamishie katikati, baada ya Paderborn.

MtemiMstaafu: Hapo nakubali. Na usifungie 814 alipofariki. Lazima mtu atauliza mbona dola ilivunjika. Kugawia wana ufalme ilikuwa desturi yao. Yeye mwenyewe aligawana na nduguye Carloman hadi huyo alipofariki 771. Mwaka 806 aliandika mgawo wa wanawe watatu. Wawili wakafa kabla yake, akabaki Louis peke yake. Wana wa Louis wakapigana, na mwaka 843, kwa mkataba wa Verdun, dola ikakatwa vipande vitatu.