Sabuni ya magereza: zabuni moja kuu, au kila gereza lijinunulie?

Wadau, habari zenu. Naleta hoja ambayo wengi huiona ndogo. Serikali inunueje sabuni, pedi, miswaki na dawa ya kusafisha vyoo kwa ajili ya magereza: makao makuu kwa zabuni moja, au kila mkuu wa gereza apewe fungu lake?

Binafsi natetea mkataba mmoja wa bei, lakini kila gereza liagize lenyewe kwa awamu. Chukua klorini ya kimiminika, ile dawa ya kuua vijidudu. Inapungua nguvu ikikaa kwenye joto na mwanga, kwa hiyo kununua ya mwaka mzima na kuirundika stoo ni kununua maji. Ya unga hudumu zaidi. Sabuni ya mche nayo ina mchezo wake: ikinunuliwa kwa uzito, mzabuni wa bei ya chini kabisa anaweza kuleta mche uliojaa maji, unaosinyaa kabla haujagawiwa. Zabuni iseme kiwango cha mafuta ndani ya sabuni, na kamati ya mapokezi ipime. Kilo peke yake haitoshi.

*Mchangiaji wa kwanza:* Mkuu, raia wema wanakosa sabuni huku nje, wewe unamhangaikia mwizi? Ndugu zake wamletee.

*Mleta mada:* Asiye na ndugu je? Halafu mahabusu wengi hata hawajahukumiwa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa awe msafi na apewe maji na vifaa vya kumwezesha hilo. Kanuni za Bangkok za 2010 zinataka wanawake wapewe taulo za kike bure. Na kama haki haikugusi, kumbuka askari magereza anarudi kwake kila siku. Kuhara hakusubiri msamaha wa rais.

*Mchangiaji wa pili:* Fungu likienda kwa mkuu wa gereza, litaliwa. Afadhali makao makuu, angalau mkaguzi anajua pa kuanzia.

*Mleta mada:* Ndiyo maana nikasema bei ipangwe makao makuu, magereza yaagize tu bila kushika fedha. Ila wizi mwingi hauhitaji fedha. Unahitaji hati ya mapokezi iliyosainiwa, wakati stoo yenyewe haijapokea kitu. Mgawo wa kila mtu kwa mwezi ubandikwe ukutani, na wawakilishi wa wafungwa washuhudie mzigo ukishushwa.

*Mchangiaji wa tatu:* Kwa nini wasitengeneze wenyewe? Karakana zipo.

*Mleta mada:* Sabuni ya kufulia, sawa, kama malighafi itakaguliwa na wanaofanya kazi watalipwa. Lakini Machi 2020 jimbo la New York lilitangaza kitakasa mikono kilichotengenezwa na wafungwa, wakati wafungwa wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kuwa nacho kwa sababu ya alkoholi. Karakana inaweza kufanya kazi vizuri kabisa na selo zikabaki bila kitu. Pedi nisingeziweka kwenye majaribio, zinunuliwe tayari.

*Mchangiaji wa pili:* Hao wawakilishi watachaguliwa na nani? Wakichaguliwa na mkuu wa gereza, tumerudi palepale.

*Mleta mada:* Hapo sina jibu linaloniridhisha. Waliowahi kufanya kazi stoo za magereza, tuambieni.