Tupeane uzoefu: ni taifa gani ulilochezea likakushika?

Kusi la Malindi

Assalaam aleykum ndugu zangu wa pwani na wa bara. Niko Malindi, Shela (Shela yetu ya huku, si ya Lamu). Nina kibanda cha kutengeneza simu, na jioni vijana hukaa hapo tukazungumza gemu za mikakati ya historia. Swali lao ni lile lile kila siku: nianze na taifa gani? Wengi huchukua Ottoman au Uingereza kwa sababu zina nguvu. Baada ya wiki mbili ramani nzima ni rangi moja na gemu imefutwa kwenye kompyuta. Mimi naona kosa liko kwenye kuchagua, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Msituandikie jina la taifa tu. Tuelezeni mlilichukua kwa nini na lilikufikisheni wapi.

Naanza mimi. Nacheza Europa Universalis IV, inayoanza tarehe 11 Novemba 1444 na kuishia 1821. Siku nilipoifungua nilisogeza ramani moja kwa moja hadi kwetu, na Malindi nikaikuta, ina jina lake na bendera yake. Chini Mombasa, juu Pate, na kusini Kilwa, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mimi nimekulia karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama. Shuleni tulifundishwa kwamba alifika hapa Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha hadi India, somo likaishia hapo. Hakuna aliyetuuliza Malindi yenyewe ilikuwa inataka nini. Kwenye gemu nililazimika kujiuliza.

Nilishindwa mara tatu. Ya kwanza, niliivamia Mombasa mwaka wa tatu, Kilwa ikaja kuitetea, nikamezwa. Ya pili nilikaa kimya kulinda pesa zangu, wakanifuata wao. Ya tatu ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa na mkataba na Kilwa, Mombasa ni yangu, hazina imejaa, lakini kila hatua ya teknolojia ilizidi kuwa ghali. Gemu hii ina mambo yanayoitwa taasisi, yaani fikra na mifumo mipya inayoenea duniani. Ule Mwamko wa Ulaya (Renaissance) huzaliwa Italia baada ya 1450, kisha hutambaa nchi hadi nchi, na asiyefikiwa hulipia teknolojia bei ya juu. Kufika Malindi huchukua miaka mingi mno. Mreno alipotokea, jeshi lake na langu hayakuwa ya zama moja.

Dawa ni kutoingoja. Unakusanya alama zako za utawala, diplomasia na vita, unazimimina zote kwenye mkoa mmoja, na mkoa ukikua vya kutosha taasisi inachipuka hapo hapo kwako. Inauma, kwa sababu alama hizo hizo ndizo za kununulia teknolojia, na miaka unayojenga ndiyo miaka jirani anakuangalia kwa jicho baya. Mara ya nne nilithubutu. Adhana ya alfajiri ilinikuta mezani. Wareno walipokuja wakaomba meli zao zitie nanga kwangu, niliwakubalia kama alivyokubali yule sultani wetu, ila safari hii nilikuwa na ngome, na nilijua ninachouza na bei yake.

Kwangu taifa la kuchezea ni lile ambalo ukikosea jambo moja kabla ya 1460 limekwisha. Karibuni.

Mkunguni

Waaleykum salaam. Mimi Lamu, na taifa langu ni Venice ya Civilization V, gemu nyingine ya kujenga dola. Huruhusiwi kuanzisha mji wa pili, kwisha. Badala yake unapewa njia za biashara maradufu ya wenzako, na mhusika wao wa pekee, Mfanyabiashara wa Venice, anaweza kuununua mji huru mzima bila hata mshale mmoja. Nilipoona hivyo nikasema huu ni mji wa kisiwani kama wangu: hauna shamba, una bandari na mdomo. Nimeucheza mara kumi na moja.

Mwalimu wa Langoni

Kaka Kusi, ahsante kwa uzi. Sina kompyuta ya gemu. Nacheza Unciv kwenye simu, ni bure, nyepesi, na haihitaji bando ukishaipakua. Imejengwa kwa kanuni za Civilization V.

Nilimchagua Mhabeshi kwa sababu ya darasa la nane. Tulikuwa tunasoma vita vya Adwa, tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Menelik II, mfalme wa Ethiopia, lilivyowashinda Waitalia, na mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, waliwezaje?" Nilimjibu kwa mambo ya kitabuni: bunduki alizozinunua mapema, makabaila waliokubali kukusanya majeshi yao pamoja, Waitalia waliogawanyika milimani usiku. Aliandika lakini niliona hajaridhika.

Usiku huo nikafungua Ethiopia. Uwezo wake unaitwa Roho ya Adwa: askari wako hupata nguvu asilimia 20 zaidi wanapopigana na taifa lenye miji mingi kuliko yako. Maana yake ukijitanua kupita kiasi unajinyang'anya silaha yako mwenyewe. Basi nilibaki na miji mitatu, nikaizungushia vilima, nikajenga dini mapema. Jirani mwenye miji tisa akaja. Vita vilichukua siku nne za mapumziko ya chai, na wanafunzi wakawa wanasimama nyuma yangu kimya kabisa. Alipogeuka kurudi kwao, yule mtoto alisema, "Alikuja na wengi, lakini kila mlango tulikuwa sisi ndani." Hilo ndilo jibu nililotaka kumpa mwanzo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wanaoanza: chagueni taifa ambalo lina swali mnalolitafutia jibu.

Kijana wa Maweni

Nitasema na najua wengine hamtapenda. Mimi huchezea Ureno.

Sichezi kwa kuwapenda. Mwaka 1505 Almeida, kamanda wa Wareno, aliipiga Kilwa, kisha akaichoma Mombasa, na sisi wa Malindi tulikuwa upande wake. Mjomba wangu wa Mombasa hunikumbusha kila Idi. Nilitaka kuona jambo hilo kutoka kwenye sitaha ya meli yao. Unaanza 1444 na nchi nyembamba, ufalme wa Castile (Hispania) umekuzunguka nchi kavu yote, rafiki yako ni Uingereza, na Afrika una Ceuta tu. Unaenda baharini kwa sababu huna pengine pa kwenda.

Halafu unagundua jambo. Kwenye Europa Universalis meli zikikaa mbali na bandari yako huliwa kidogo kidogo mpaka zizame. Nilipoteza msafara mzima nikiwa nimeshapita Rasi ya Tumaini Jema, karibu sana na huku kwetu, kwa kukosa mahali pa kutia nanga. Ndipo nikaelewa Malindi ilikuwa nini kwa Gama mwaka 1498. Alikuwa ametoka Mombasa bila maelewano, mabaharia wanaugua, na njia ya India haijui. Sultani wa Malindi alikuwa na karata zote mkononi. Alizicheza vizuri kwa wakati wake: karibu miaka mia baadaye ukoo huo wa Malindi ndio uliokalishwa kutawala Mombasa. Lakini bandari yenyewe ya Malindi ikafifia, maana Wareno walihamia Ngome ya Yesu kule Mombasa, ile iliyoanza kujengwa 1593.

Sijajua bado kama angeweza kufanya vingine. Kaka Kusi, wewe kwenye gemu yako ulikuwa umeshajua wanakuja. Yeye hakujua.

Kusi la Malindi

Kijana, umesema kweli na imenigusa. Nitaijaribu tena nikijifanya sijui.

Mzee wa Matondoni

Wanangu, mimi si mchezaji. Nimekuwa nahodha wa jahazi miaka mingi, sasa nakaa barazani. Mjukuu wangu alinisomea uzi huu, akanionyesha hiyo gemu ya Malindi kwenye kompyuta yake. Nimeitazama jioni mbili. Ni kazi nzuri, waliochora wamejua miji yetu. Nina neno moja.

Alinionyesha mishale ya biashara. Mali inatoka Zanzibar inapanda Aden, inaendelea mbele, na mshale haurudi. Nikamuuliza, na upepo uko wapi? Akasema babu, hakuna upepo wa majira. Hapo nikaona kilichokosekana. Kaskazi ikishika Desemba, majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi hushuka kwetu na tende, chumvi, nguo, vyombo. Hukaa, huuza, huoa. Kusi ikianza Aprili wanarudi na boriti za mikoko, kwa sababu kwao miti ni adimu na nyumba zinataka kuezekwa. Juni na Julai kusi kuu ikipiga, bahari imefungwa, hatoki mtu. Ukichelewa kuondoka, umebaki hadi mwakani. Lamu ilijengwa na kule kungoja. Mfalme wa pwani hii ambaye hakujua tarehe za upepo hakuwa mfalme.

Sasa nyinyi mnaweza kutuma meli Julai kwenda popote. Vita vyenu vinakuwa vyepesi kuliko vyetu.

Kusi la Malindi

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako mara tatu. Na mimi jina langu humu ni Kusi na sikuwahi kuliwaza hilo!

Gemu huhesabu siku kwa siku, tarehe iko juu ya skrini. Hakuna kinachotuzuia kujiwekea sheria wenyewe. Napendekeza hii kwa atakayechezea mji wowote wa pwani: Desemba hadi Machi meli zinaruhusiwa kushuka kusini tu. Aprili na Mei, kisha Agosti na Septemba, kupanda kaskazini tu. Juni na Julai zote bandarini. Mzee, nimekosea wapi?

Mzee wa Matondoni

Hujakosea pakubwa. Oktoba na Novemba ni matlai, upepo mwanana, mwache aende karibu karibu. Swafi.

Wa Siyu

Mimi ni mtu wa Siyu, kisiwa cha Pate, na mji wangu haumo kwenye gemu yoyote niliyoiona. Pate ipo, Siyu hapana. Nilikaa na hilo muda mrefu. Sisi ndio ambao Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alituletea majeshi miaka ya 1840 tukayarudisha chini ya kiongozi wetu Bwana Mataka, na hadi miaka ya 1860 Zanzibar haikuwa imetumaliza. Wanazuoni, wahunzi, mafundi wa ngozi. Halafu ramani inapita juu yetu.

Basi nikapakua Age of History II kwenye simu. Ile ina sehemu ya kutengeneza taifa lako: jina, rangi, bendera, kisha unaunda hali ya mwanzo wa dunia uitakayo. Nilitumia siku mbili. Mikoa ya ramani ni mikubwa kuliko kisiwa chetu, kwa hiyo ilinibidi Siyu ishike kipande cha bara pia, jambo ambalo si kweli. Nilivumilia. Nikaiweka Oman na nguvu zake zote, nikajipa jeshi dogo.

Nilidumu miaka kumi na minane ya gemu. Nilimwonyesha mama bendera ile imesimama katikati ya dunia, jina la Siyu juu yake. Akaniomba nimwachie simu kidogo, akaishika akiitazama hadi taa ya skrini ikazima yenyewe.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza waanze na taifa gani: kama lako halimo, litengeneze kwanza.

Mwalimu wa Langoni

Wa Siyu, mashallah. Nitumie faili la hali hiyo nikawaonyeshe watoto.

Mji wa Mchanga

Salaam. Mimi ni wa Shela ya Lamu. Nimejifunza zaidi kwa kushinda vibaya kuliko kwa kushindwa, niwaeleze.

Nilichezea Pate, Europa Universalis, nikajitafutia mkubwa wa kunilinda. Nilifuata historia yetu. Mnajua vita vya Shela, miaka ya 1812 hivi: Wamazrui wa Mombasa na Pate walikuja na majahazi, maji yakakupwa yakawaacha pwani, Waamu wakawamaliza mchangani. Wazee hutuambia tusichimbe hovyo kwenye vile vilima. Tulishinda, lakini tukaogopa kisasi, tukamwita Seyyid Said. Akaleta liwali na askari, ngome yetu ikakamilika 1821, na toka hapo mambo yetu yakaamuliwa kwingine.

Kwenye gemu niliungana na dola kubwa ya kaskazini. Miaka thelathini hakuna aliyenigusa, nikalala usingizi. Halafu wakaanza kuniita. Vita vyao milimani huko mbali, nikikataa mkataba unavunjika na sifa yangu inashuka, nikikubali vijana wangu wanakufa mahali nisipopajua. Nilikwenda mara nne. Ya tano sikuwa tena na watu wa kuandikisha, na Mombasa ikanikuta mtupu. Mkubwa wangu alikuwa na shughuli nyingine.

Pate ndilo taifa bora nililowahi kulichagua. Sikupata kuwaelewa wazee wa Lamu waliomwandikia Said barua mpaka nilipobonyeza mimi mwenyewe kile kitufe cha kuomba mkataba, mikono ikitetemeka.

Mkunguni

Nimemwacha Venice kwa muda. Nimenunua hii Europa Universalis juzi, nimechukua Malindi ya Kaka Kusi pamoja na sheria ya upepo ya mzee. Sasa hivi kwangu ni Julai 1447. Mombasa ina vita na Kilwa, ukuta wake uko wazi, na meli zangu nne zimefungwa bandarini. Nangoja Desemba.