Nitajuaje kama gari lina ABS kabla ya kununua ekseli?

Swali: Ndugu zangu, ekseli ya mbele kushoto ya Toyota Corolla yangu inagonga kila ninapokata kona, na muuza vipuri ameniuliza kama gari lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki kwa nguvu). Sijawahi kuona taa yake ya dashibodi ikiwaka. Nihakikisheje?

Jibu la kwanza: Ndugu, kutoiona taa si ushahidi, kwa kuwa balbu huenda imeungua, au imetolewa na mtu aliyetaka kuficha hitilafu, jambo la hatari sana. Washa swichi bila kupiga stata: penye ABS, taa huwaka kisha ikazimika baada ya muda mfupi. Usiishie hapo, chungulia nyuma ya gurudumu uone kama kuna waya wa sensa unaoingia karibu na habu (kitovu cha gurudumu).

Jibu la pili: Nakubaliana na aliyejibu kwanza. Ukiukuta waya huo, ichunguze ekseli ya zamani, kwani kwenye magari mengi ya aina hiyo sensa husoma pete ya meno iliyovishwa kwenye ekseli yenyewe, ingawa baadhi ya magari mapya yana sumaku ndani ya bearingi. Hesabu meno ya pete, kisha linganisha na ekseli mpya urefu na mifereo (mikato ya kushikia) ya ncha zote mbili. Ukifunga ekseli isiyo na pete, breki za kawaida zitafanya kazi, lakini ABS itajizima.

Mwuliza: Waya upo, na pete ina meno 48. Nitakwenda dukani na ekseli ya zamani mkononi.