Mjadala: Mnara mmoja, mitandao mitatu. Fundi akipanda, nani anabeba usalama wake?

Mleta mada: Wakuu, minara mingi ya simu Tanzania sasa ni mali ya kampuni za minara, mitandao ya simu ni wapangaji tu. Fundi anayepanda ni wa mkandarasi mdogo, mara nyingi kibarua. Sheria Na. 5 ya 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inamdai mwajiri wake kwanza. Naona haitoshi. Kibali cha kupanda kitoke kwa mwenye mnara, naye awajibike nacho.

Mkanda Mbili: Sikubaliani, mkuu. Mwenye mnara hamjui fundi. Mafunzo, vipimo vya afya na mkanda wa usalama wa kuzuia kuanguka ni kazi ya mwajiri. Ukimwondolea mzigo huo, atanunua mikanda ya bei chee na kusema "kibali si nilipewa?"

Mleta mada: Mkanda sawa, ila mkanda hauzuii mionzi ya antena. Fundi wa mtandao A akipita mbele ya antena ya mtandao B, mwajiri wake hana mamlaka ya kuizima. Na kuomba B wazime kwa mbali ni hatari: zamu inabadilika, mhandisi mpya anaona alamu ya sekta (upande mmoja wa antena) iliyozimwa, anaiwasha akidhani ni hitilafu. Kuzima kwa kweli ni kushusha breka ya redio (kifaa kinachoirushia antena mawimbi) kwenye paneli ya umeme chini, kuifunga kwa kufuli na kuweka kibao, ufunguo aende nao fundi. Kipimo cha mionzi cha kuvaa kitamlilia, lakini hakimwambii ampigie nani. Anayeweza kuwaamuru wapangaji wote watatu ni mwenye mnara tu.

Uokoaji Kwanza: Mnasahau kinachofuata baada ya kuanguka. Kamba ya mita 2 inayomshika fundi mnarani, kifyonza mshtuko chake kikifunguka hadi mita 1.75, ongeza urefu wa mwili na akiba: unahitaji zaidi ya mita 6 wazi chini ya ndoano. Mnarani hazipo, utagonga chuma au antena kwanza. Ndiyo maana ndoano inafungwa juu ya kichwa, na kati ya ndoano mbili moja haifunguliwi kabla ya nyingine kushika. Halafu mtu aliyening'inia, damu inajikusanya miguuni; anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Kwa hiyo saiti iwe na kamba za uokoaji na wawili waliofunzwa kuzitumia. Mlinzi wa geti hahesabiki. Jambo hili kwenye mikataba halina mwenyewe kabisa.

Hesabu za Fidia: Na kibarua asiye kwenye orodha ya mishahara, madai yake WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) yanaanza kwa kuthibitisha kwamba aliajiriwa. Majina na mwajiri viandikwe kwenye kibali kabla geti halijafunguliwa.

Mkanda Mbili: Kwenye breka na majina mmenishawishi, hayo abebe mwenye mnara. Mkanda na mafunzo vibaki kwa mwajiri. Vifaa vya uokoaji je? Mwenye mnara akiviacha saiti, nani atavikagua kila miezi 6, na vikiibiwa kazi inasimama?