Mchango wa bango la "Mtaa wa Kijani" uhamishiwe kwenye mitaro, gati la maji na choo cha uwanjani

Wakuu, uzi huu unawahusu wote wanaoishi au kufanya kazi kwenye mitaa ya juu ya Moshi, ile ya mageti marefu na mijakaranda. Mtaa siutaji, wahusika wanajijua. Nimechukia na sioni sababu ya kuficha.

Kamati ya mazingira inachangisha tena. Safari hii ni bango jipya, miche ya kando ya barabara, mapipa ya rangi tatu na taa nyingine za sola. Hakuna anayepinga miti. Lakini mtaa huohuo gati la maji la umma ni bovu, choo cha uwanjani kimefungwa kwa mnyororo, na mitaro imejaa tope hadi ukingoni. Mwenye kisima na simtanki la lita 5,000 hayo hayamgusi. Yanawagusa walinzi wa zamu ya usiku, dada wa kazi, mama wa mbogamboga, bodaboda wa kijiweni na wanafunzi wanaopita kwa miguu. Hao hawaalikwi hata kwenye vikao.

Mitaro kwanza, maana ndiyo inayoleta balaa kila masika. Mtaro umejengwa sentimita 60 kwa 60. Mwenye nyumba akitaka gari liingie getini, analaza humo bomba la plastiki la inchi 6 na kumwaga zege juu. Pigeni hesabu: mdomo wa mtaro ni sentimita za mraba 3,600, mdomo wa bomba hilo ni kama 180 tu. Njia ya maji imebaki sehemu moja ya ishirini, na hapo chupa ya soda na majani ya mjakaranda bado havijaziba mdomo. Maji yakikosa pa kupita yanapanda barabarani, yanachimba udongo chini ya lami pembeni, lami inabaki haina kitu cha kuishikilia, lori la kwanza la mchanga linaivunja. Na mji wetu umelala kwenye mteremko wa Mlima. Kinachofurika huku kaskazini kinashuka kusini, kwenye nyumba za watu ambao hawakutupa hata chupa moja kwenye mtaro huo.

Dawa inajulikana. Bomoa hilo zege na bomba lake, acha mtaro upana wake wote, kisha weka mifuniko ya zege inayofunulika: urefu sentimita 80 ili ikae vizuri kwenye kingo zote mbili, upana 40, unene 15, nondo za milimita 12 zikae upande wa chini. Kipande kimoja kina kilo kama 115, watu wanne wanakiinua na mtaro unazibuliwa. Uzibuaji ufanyike Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza, na tope libebwe siku hiyohiyo. Sasa hivi vibarua wanalipwa kulitoa tope na kulirundika ukingoni. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani. Hela imeliwa na maji, na mwaka ujao inachangishwa upya!

Gati nalo limeuawa na koki ya bei rahisi. Koki ya plastiki haihimili mikono ya watu wengi: mpira wa ndani unalika, inaanza kuvuja, kila anayechota anaikaza kwa nguvu zaidi, mwisho meno yanakatika. Koki inayojaza chupa ya lita moja kwa dakika inamwaga lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72 za lita 20. Badala ya kuleta koki ya shaba ya nusu inchi na kuweka valvu nyuma yake ndani ya kisanduku cha zege chenye kufuli, wakafunga maji moja kwa moja. Na hapohapo ndipo miche yao inapofia. Imepandwa Agosti, kwenye vishimo vya jembe moja, bila samadi. Shimo la mche wa kivuli ni sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, udongo wa juu unatengwa na kuchanganywa na samadi iliyooza, unapanda mvua zikishakolea, kisha kiangazi chote unampa kila mche ndoo moja mara mbili kwa wiki. Mnataka amwagilie nani, kwa maji ya gati lipi?

Choo cha uwanjani kiliwekewa vyoo vya kukalia vyenye matangi ya kuflashi, vifaa vya plastiki vikavunjika, kikafungwa. Cha kuchuchumaa cha kumwagia maji kwa kopo kinatosheka na lita 2 hadi 3, hakina cha kuvunjika. Kinahitaji pipa la maji, msafishaji anayelipwa, na karo linyonywe kabla halijafurika. Mpaka hayo yafanyike, watu wanajisaidia korongoni, na korongo linaingia mtoni. Huo ndio uchafuzi wa mazingira, kamati iandike.

Taa za sola mlizonazo zinazimika saa tatu usiku kwa sababu matawi yanafunika paneli. Kivuli kwenye kona moja tu kinashusha umeme wa paneli nzima, na betri isiyojaa kila siku inakufa mapema. Pogoeni kabla ya kununua nguzo nyingine. Mapipa ya rangi tatu hayana maana yoyote kama yote yanamwagwa kwenye lori moja.

Naomba anayeingia kikao kijacho apeleke hoja hii: hela ya bango inunue koki, mifuniko na gari la kubeba tope. Na wa mitaa mingine, wekeni hapa chini: mtaro upi umezibwa kwa bomba la inchi ngapi, gati lipi halitoi maji, na tangu lini.